Nta

Baba alinifundisha nta kabla sijajua kusoma.
Nyuma ya nyumba yetu, Arua, ilikuwepo mizinga saba ya magogo,
na mmoja tuliuita Gereza kwa ukali wa nyuki wake.
Aliminya donge kati ya vidole viwili, akalidondoshea maji,
maji yakateleza, yakakimbia.
"Umeona? Hayapiti. Moto tu ndio unaoujua mlango wake."

Alipoanza kukohoa tuliulaumu moshi wa kufukuzia nyuki.
Miezi minne moshi ulibeba lawama isiyo yake.

Sasa niko Mulago, ghorofa ya tatu, saa saba usiku,
glavu za zambarau, viatu vya kuazima.
Nampijja amesinzia chini ya meza, mkoba wake ndio mto,
na jokofu la nyuzi themanini chini ya sifuri
linanguruma kama mtu mwenye jambo la kusema.

Bakteria wa kifua kikuu naye ni fundi wa nta.
Hujishonea koti nene la mafuta,
kisha askari wa mwili anapomjia na kummeza
hulala humo tumboni mwa askari
kama mgeni aliyepewa kitanda cha mwenye nyumba.
Anaweza kulala miaka thelathini. Hana haraka.

Tunachokitafuta sisi ni cherehani ya koti hilo:
protini moja, haina jina, ina namba.
Nampijja huiita Ssenga,
kwa kuwa haji mpaka abembelezwe.

Na tumembembeleza.
Tumemfugia jeni yake ndani ya bakteria mpole,
lita nne za mchuzi wenye rangi ya chai,
tumetikisa, tumezungusha, tumechuja,
naye mara thelathini ameganda kama uji uliosahauliwa.
Mara ya thelathini na moja, umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa mara mbili (samahani, hilo ndilo neno lake),
likanyamaza.
Tulibeba barafu kwa ndoo kutoka chumba cha maiti.
Hilo hatukuliandika kwenye ripoti.

Ndipo siku moja, ndani ya tone dogo kuliko chozi la sisimizi,
fuwele.
Niliweka jicho kwenye darubini, nikaliondoa, nikalirudisha.
Ilikuwa na pembe sita, naapa, kama chumba cha sega,
na sikumwita mtu kwa dakika nzima.

Katikati ya Ssenga kuna shimo.
Humo tumejaribu kukalisha molekuli mia moja na kumi na mbili.
Ya mwisho ilikaa kitako. Ssenga akaacha kushona kabisa.
Nampijja akapiga vigelegele hadi mlinzi akapanda na rungu.
Kisha tukaipeleka kwa bakteria aliye hai, mwenye koti lake,
tukangoja wiki tatu, maana huyu hukua taratibu,
na wiki ya tatu alikuwa amenenepa.

Dawa haikuingia.
Ilifika kwenye nta, ikateleza, ikakimbia.
Nilicheka peke yangu mbele ya kabati la joto.
Baba, uliniambia nikiwa na miaka mitano.

Asubuhi nashuka kliniki kuchukua vikombe vya makohozi.
Ssemwanga, bodaboda wa Bwaise, anaanza vidonge kwa mara ya pili;
mara ya kwanza aliviacha alipopata nafuu na kukosa nauli.
Ananiuliza, "Daktari, ile dawa ya huko juu, lini?"
Mimi si daktari wa namna hiyo.
Ningeweza kusema karibuni.
Namwambia: tukibahatika, mwanao atakuwa amemaliza chuo.
Anahesabu kwa vidole. Ana binti wa miaka mitatu.
"Basi," anasema, akimeza kidonge cha nne bila maji,
"wewe mbona uko huku chini?"

Napanda ngazi.
Molekuli ya mia moja na kumi na tatu iko kwenye barafu.
Tumeiongezea mkia wa mafuta.