Mita Kumi

Utepe wa buluu kwenye sakafu ya korido,
ghorofa ya tatu, hospitali ya Östersund.
Mita kumi. Niliubandika mwenyewe,
na kila Jumatatu naukagua kama haujabanduka,
maana sentimita tano zikipotea hapa
utafiti mzima unachechemea.

Hjalmar Edvinsson, fundi bomba, miaka sabini na minne,
anasimama kwenye mstari wa kuanzia.
Miguu inajua inakotakiwa. Haiondoki.
Nyayo zimeng'ang'ania sakafu
kama za mtu aliyetiwa gundi
huku akiitwa mezani.
Halafu hatua: fupi, za kuburura, mapaja yametanuka,
na kugeuka tu kunamgharimu hatua kumi na moja.
Sekunde thelathini na nne.
Naandika.

Kabla yetu walimwambia ni uzee.
Uzee! Gunia lisilojaa,
kila daktari hutumbukiza humo asilolijua.
Mkojo unamtoroka: uzee.
Jina la mjukuu limemkwama kooni: uzee.
Mkewe Gunvor ndiye aliyegoma.
"Baba yake nilimwona akizeeka," alisema.
"Hakuzeeka kati ya Krismasi na Pasaka."

Picha zikaonyesha vyumba vya ubongo vimetanuka,
maji yamejipa nafasi bila kelele.
Presha tuliyopima: ya kawaida.
Hapo ndipo penye hila ya ugonjwa huu,
mwizi anayepiga hodi kabla ya kuingia.

Tukamtoa maji mgongoni, mililita arobaini,
maangavu kama ya chemchemi.
Yakimwagika hayazoleki, husemwa;
haya tuliyazoa, kichupa baada ya kichupa,
na alasiri ile ile akatembea kwa sekunde ishirini na mbili.
Gunvor akaenda dirishani, akaitazama theluji
muda mrefu kuliko theluji inavyostahili.

Sasa mrija umo kichwani mwake,
umepita chini ya ngozi hadi tumboni,
na vali ndogo imekaa nyuma ya sikio.
Iko wazi au imefungwa?
Kura imeamua, bahasha imetiwa lakiri.
Hajui yeye, sijui mimi, hajui daktari wa wadi.
Miezi mitatu.
"Nimefungua na kufunga vali za mji huu miaka arobaini,"
anacheka, "leo yangu mwenyewe siijui!"

Ishirini na saba. Thelathini. Thelathini na moja.
"Iko wazi," anaapa. "Naisikia ikitiririka."
Naandika nambari, siandiki kiapo.
Usiku najiuliza ni haki gani hii,
kumfungia mtu bomba
ili tujue kama bomba linafaa.
Asubuhi nawakumbuka waliopasuliwa bure
kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza,
nachukua saa yangu, narudi.

Bahasha ikafunguliwa mwezi Machi.
Vali yake ilikuwa imefungwa siku zote.
Hjalmar akanyamaza, akalipapasa sikio.
"Basi nilichokuwa nasikia ni nini?"
Hakuna aliyemjibu.
Daktari akasogeza kifaa chenye sumaku
nyuma ya sikio lile, akageuza,
kazi ya muda wa kupiga chafya.

Wiki ya sita alikuja na mkongojo kwapani,
ameubeba kama mwavuli siku ya jua.
Nikasema, "Nenda."
Akaenda. Kisigino, vidole, kisigino, vidole,
akafika, akageuka kwa hatua tatu, akarudi,
akanikuta mdomo wazi,
kidole gumba kikielea juu ya kitufe.
Sikuwa nimebonyeza.

Fomu ina kisanduku cha hilo:
*Haikupimwa. Kosa la mpimaji.*
Nikakitia alama. Tukarudia.
Sekunde kumi na tatu, naye alikwisha kuchoka kidogo.
Hiyo ndiyo iliyomo kwenye jedwali.