Mawe Matatu, Mafigo Mawili

Povu ndilo lililotangulia kusema.
Mama aliliona ndani ya kopo la usiku,
jeupe, limekataa kupasuka,
akadhani ni sabuni iliyosahaulika.

Nje, Ulaanbaatar haikuwa na milima.
Moshi ulikuwa umeimeza hadi shingoni,
na mimi, Galsan, mwanawe,
nikishusha makaa ya mawe hema kwa hema,
nikihesabu noti kwa vidole vyeusi.

Daktari Oyungerel alichora juu ya bahasha
maharage mawili makubwa.
“Hivi ni vichujio. Tunadhani moshi huishia kifuani.
Vumbi lake jembamba haliishii. Linavuka pafu,
linapanda damu kama abiria asiye na tiketi,
na damu yote, mama, lazima ipite hapa.”
Kisha akauliza habari za chakula.

Mama akanyamaza.
Angesema nini? Kwamba mafuta ya mkia wa kondoo
ndiyo blanketi letu la ndani?
Kwamba kwa Mwaka Mpya alifinyanga vifuko vya unga na nyama
elfu moja na mia mbili, akavigandisha nje ya mlango,
na kila kimoja, ukikiuma,
mafuta hukutiririka hadi kiwikoni?
Kwamba chai yetu ina chumvi,
na mgeni akiiacha kikombeni tunaumia?

Bibi alivuka baridi zote kwa mafuta hayo hayo.
Ila bibi alishinda nyuma ya farasi,
akivuta hewa isiyo na mwenyewe.
Sisi tumehamia mjini na sahani yake.
Farasi tumewaacha.

Zamani moto wetu ulikaa kati ya mawe matatu.
Figa, figo: herufi moja tu.
Chungu hudai mafiga matatu.
Mtu hupewa mafigo mawili,
asimame hivyo hivyo.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
mama hufungwa kwenye mashine yenye mlio wa kriketi;
damu inatoka, inafuliwa, inarudi.
Kitanda cha pili yupo mzee Luvsan, mteja wangu.
Ananiinulia mkono usio na sindano:
“Galsan! Kesho niletee magunia mawili,
mke wangu anatetemeka.”
Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Jioni nachemsha nyama.
Naengua mafuta kwa upawa, polepole,
kama mtu anayefuta jina la ndugu kwenye orodha,
na kwa kuwa nje kila kitu huganda,
nayamwaga jikoni, juu ya makaa.
Moto unaruka. Bomba linakohoa
moshi mzito, wa manjano,
unainama, unaelekea kwa jirani.

Mama anaonja mchuzi.
“Umetia maji matupu,” anasema,
na anamaliza bakuli.
Ng’ambo ya ua, nasikia
mtoto wa watu akifungiwa dirisha.