Sponji ya Tandika

Kashata katoka kuugua ndorobo,
nyama za mabega zimekwisha,
uti umechongoka kama paa la bati.
Tandiko lilelile la mwaka jana
linamcheza mgongoni,
kiatu cha kaka mguuni mwa mdogo wake.

Nikaenda Tandika
(ndiyo, Tandika, ili nitandike)
nikanunua mabaki ya sponji kwa muuza magodoro,
elfu mbili, na maneno juu:
"Godoro la farasi? Kwani analala chali?"

Mbweni, jua halijachachamaa,
naweka kipande bega la kushoto,
viwili kulia palipobonyea zaidi,
kisha blanketi.
Napitisha vidole. Vinapita, kwa adabu.

Fundi Mkude alinionya kwenye simu:
"Kiatu kipana huvumilia soksi.
Kinachobana, soksi ni adhabu.
Na wewe usizoee."

Sijazoea. Kila nikilivua nasoma jasho:
likienea sawa, namshukuru Mungu;
pakibaki pakavu, hata kama sarafu,
hapo pameonewa.

Pumba, mashudu ya alizeti, wiki ya saba.
Jumamosi nimetoa kipande kimoja,
kingali na joto lake.
Nimekikalia, nanywa chai.