Mraba wa Kumi na Saba

Matumbawe yako pwani, alisema Dokta Mselemu,
kule reli inakoanzia.
Huku inakoishia tuna mawe.
Akavua viatu, akavipanga ukingoni
kama anayeingia msikitini,
akatutangulia majini na soksi zake.

Tulikuwa kumi na wanne, miwani ya kuzamia saba.
Yangu ilivuja jicho la kushoto,
kwa hiyo nusu ya ramani hii
niliichora nikilia bila huzuni.

Bangwe, saa moja na nusu asubuhi.
Ziwa limetulia kama mawese yaliyoganda.
Kamba ya mita hamsini, fundo kila mita:
Bukuru kashika mwanzo, Butoyi kashika mwisho,
mapacha waliogombana tangu stesheni ya Kaliua
kwa ajili ya yai moja la kuchemsha,
na sasa wakilegeza hata kidogo
ramani nzima inapinda.

Chini nina fremu ya mabomba,
ubao wa plastiki, penseli iliyofungwa kwa uzi wa nyavu.
Unachokiona, hesabu. Usichokiona, usikikisie.
Mraba wa kwanza: mawe matatu, mwani, konokono kumi na mmoja,
na samaki wa urefu wa kidole
aliyenifukuza kwa ghadhabu ya mwenye nyumba.
Wa tano: kaa kajibanza ufani,
mkono mmoja nje, kama anayedai chenji.
Wa tisa: swila wa majini akapita,
mrefu, hana haraka,
nikaacha fremu, penseli na elimu ya juu,
nikaibukia ubavuni mwa boti.
"Umemhesabu?" akauliza Dokta.

Hamenya, mwenye boti, alikuwa akitafuna muhogo mbichi.
Namba za nini, akasema, mawe haya yana majina.
Lile ni Mwizi, limekula nyavu za ukoo mzima.
Yale ni Wakwe, yanatazamana, hayagusani.
Na lile pana, linalopokea kila mtu, ni Shangazi.
Tuliyaandika yote. Safu ya maelezo ilikuwa nyembamba,
Shangazi akaishia Shanga.

Halafu mraba wa kumi na saba.
Hakuna jiwe.
Niliutia mkono, ukazama hadi kifundo,
na vidole vikakuta, huko ndani,
magamba ya konokono, matupu, mengi,
yamelala kama vikombe baada ya matanga.
Nikatoa tope, nikalifinya.
Jekundu.

Nikalijua.
Ni lile linaloganda chini ya kucha kila Novemba,
lile la kwenye pindo la kanga za mama.
Nikainua kichwa:
kilima, michikichi minne,
na mihogo yetu kwenye matuta yanayoteremka
moja kwa moja hadi ziwani, yamenyooka kama vichochoro.
Niliyalima mimi, likizo ya kidato cha pili,
nikifuata mteremko, maana kuukata kunachosha
na nilitaka kuwahi kuona meli ikiingia.

Usiku, bwenini, tulipaka rangi.
Bluu ni mawe, kijani ni mwani, kahawia ni tope.
Kahawia ndiyo iliyokwisha kwanza.
Kwenye safu ya chanzo Butoyi aliandika *mmomonyoko*
mara tisa, kwa mwandiko mzuri,
akanisukumia karatasi nijaze wa kumi na saba.
Nilichonga penseli.
Nikaichonga tena.
Muhogo wa mteremko ule ndio ulionilipia ada
ya kuja kujifunza jina la tope hili.

Kesho yake, kabla ya treni, nilipanda nyumbani.
Mama alikuwa akitwanga kisamvu,
hakuusimamisha mchi.
"Haya, msomi, mmeona nini huko majini?"
"Shamba letu," nikasema.
Akacheka mpaka akashika kiuno,
akauliza kama linahitaji palizi.