Mbegu za Tsiala

Mlangoni pa stesheni ya Kutaisi, baridi inang'ata masikio,
Tsiala ameketi juu ya kreti la soda,
gunia la alizeti kati ya magoti
na rundo la magazeti kalibana kwa jiwe
upepo wa mto Rioni usije ukawa msomaji wa kwanza.

Glasi moja, lari moja.
Ila karatasi haikunji hivi hivi.
Hukutazama kwanza: viatu, macho,
namna ulivyoitikia salamu.
Miaka thelathini na mmoja alisahihisha chapa
kwenye gazeti lililomtangulia mumewe kaburini.
Mkono umeiacha kalamu nyekundu. Jicho, wapi!

Vakho fundi simu alipewa habari ya mashine
inayosoma picha za mapafu kuliko daktari.
"Soma, kisha uniambie
ikikosea, nani ataenda kuomba radhi."

Nazibrola, tangu mazishi ya Machi
hatoki ila kufuata mkate;
kakunjiwa ratiba ya tamthilia,
Ijumaa imezungushiwa penseli.

Na mheshimiwa mmoja, siku alipopita na walinzi wake,
alitafuna mbegu hadi garini
kutoka ndani ya picha ya daraja
alilolizindua mara mbili
na ambalo bado halijafika ng'ambo.

Mimi jana nilipata nusu.
Kijiji cha milimani, mto umehama usiku,
makaburi yamebaki upande wa pili,
mwalimu anavusha watoto kwa kamba, na siku moja kamba
Basi. Chini, kwa herufi za sisimizi:
inaendelea ukurasa wa 7.

Nikarudi mbio.
"Wa saba anao Anzori," akasema,
akikung'uta chumvi viganjani.
"Kamtafute. Yeye naye hana mwanzo."

Nilimkuta jukwaa la pili, kavua kiatu kimoja,
Anzori mwenye kisukari anachokiita uchovu.
Tukaunganisha karatasi juu ya mapaja yetu,
tukamvusha mwalimu, tukawahesabu watoto, wote,
treni ya saa nne ikaondoka bila yeyote kati yetu.

Kisha akaugeuza ukurasa wake.
Nyuma ilikuwa safu ya afya,
ina doa la mafuta, ina mstari wa penseli.
Akasoma midomo ikicheza.
Akaniuliza taratibu, kama mgeni anayeulizia njia:
"Hii ganzi ya vidole,
wanasema huanza usiku?"