Uyoga na Jibini

Chumba hakina dirisha. Kiti, skrini,
na kamera ndogo inayofuata mboni
kama paka anavyofuata kamba.
Nje ni Swansea, mvua ya Machi, siku ya tatu.
Eluned Prosser, miaka hamsini na tisa,
amevua koti, amekataa chai,
ameuliza kama malipo ni leo au kwa posta.

Mgonjwa wetu ni wa kubuni. Nimemwita Bwana Pugh.
Kila mlo hula vitu viwili,
kisha ama ngozi inamwasha ama tumbo linamsokota,
na kazi ya Eluned ni kubashiri lipi.
Uyoga na jibini: ngozi.
Uyoga na figili: ngozi.
Njegere na jibini: tumbo.
Njegere na figili: tumbo tena.
Hachukui muda. Uyoga husema kweli,
njegere husema kweli,
jibini na figili ni wapayukaji,
huku wanashuhudia hili, kule lile,
na macho yake, vitone vyekundu kwenye kompyuta yangu,
yameacha kuwatembelea.

Saa nne na nusu nabadilisha dunia.
Maradhi mapya: kizunguzungu, homa.
Sasa uyoga na jibini huja pamoja, daima pamoja,
na kila kimoja kinaijua siri sawa na mwenziwe.
Simwambii.
Vitone vinarundikana juu ya uyoga kama nzi.
Jibini imekaa pale, jibu mkononi,
na hakuna anayeiuliza.

Mwishoni naiweka peke yake. Jibini huleta nini?
"Jibini?" anasema. "Jibini haijawahi kuleta kitu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Sawa. Lakini waliosema hayo hawakutaja
kile kinachompita upande wa pili
wakati ameukodolea macho ung'ongo.

Kanuni inanitaka nimweleze, basi namweleza:
kilichokufaa jana hupewa macho ya leo,
kisichokufaa hata kikijifunza kusema
kinasemea ukutani.
Anacheka. Kisha hacheki.
Mkono mmoja uko ndani ya koti, mwingine nje.

"Baba alikuwa kiwanda cha bati, Llanelli.
Sisi tulisikiliza ufunguo.
Ukiingia tunduni mara moja, jioni njema.
Ukikwaruza, ukatafuta, ukakwaruza tena,
tulipanda ngazi, mimi na Tegwen, viatu mkononi.
Uso wa Mama haukutusaidia. Ulikuwa uleule
Jumatatu, Ijumaa, kama sahani."

Kimya. Mashine inapumua.

"Mume wangu hanywi. Miaka thelathini na miwili,
ufunguo wa Emrys unaingia mara moja.
Oktoba walimwachisha kazi.
Akaendelea kutoka asubuhi na kurudi jioni
mpaka Februari. Alikuwa anakaa maktaba.
Mwenye duka la nyama alimwona usoni.
Mtoto wa jirani, miaka saba, alimwona usoni.
Mimi nilisikia ufunguo,
nikaendelea kumenya viazi."

Sikuwa na fomu ya jambo hilo.
Nikampa pauni kumi na mbili, akatia sahihi.

Mlangoni akageuka:
"Na mtu akirudia? Akirudia sana.
Anaweza kuja kuiona jibini?"
Nikamwambia tulichonacho kwenye majedwali:
ndiyo, ila polepole, na kwa kukosea mara nyingi.
"Kukosea najua," akasema, akafungua mwavuli
akiwa bado ndani.

Nimebaki na faili lake.
Mitazamo elfu moja mia tisa na sita,
kila mmoja na muda wake, hadi sehemu ya elfu ya sekunde.
Chini kabisa kuna mstari mmoja wa kujaza kwa mkono:
rangi ya macho.
Nimekuwa nayo asubuhi nzima, macho hayo.
Nashika kalamu.
Naacha wazi.