Ufunguo wa Chumba Namba Tisa

Nilipoajiriwa, vidole vyangu viliweza maneno arubaini kwa dakika.
Karani mkuu, Bwana Mwinyihaji, hakunipima vidole.
Alinitazama juu ya miwani:
"Binti Ngowa, hapa tunaajiri kimya.
Kuchapa utajifunza."

Chumba namba tisa, Tudor. Dirisha limepigiliwa mbao,
joto la Februari limekaa ndani kama mpangaji asiyelipa.
Dramu ya stensili inazunguka, wino
unanifuata hadi kwenye ugali wa jioni.
Nilichapa mitihani ya mabomba, ya umeme, ya hesabu za biashara,
maswali nisiyoyaelewa,
nikayajua kama ujuavyo nyuso za majirani usiosalimiana nao.
Karatasi zilizoharibika tulizichoma nyuma ya karakana:
mimi, shahidi mmoja, kiberiti.
Ufunguo niliuvaa shingoni.
Ulikuwa na kutu. Blauzi zangu zote za enzi hizo
zina doa mahali pamoja.

Mwaka wa nne, mdogo wangu Chengo akaingia darasa la mitambo.
Tulikuwa na chumba kimoja Mishomoroni, pazia katikati.
Usiku alisoma kwa sauti,
akikazania kurasa ambazo hazingeulizwa,
nami upande wa pili, macho kodo, nalijua swali la tatu.
Ningekohoa tu.
Kikohozi kimoja, akifika penyewe.
Sikukohoa.

Alianguka kwa alama nne.
Alipakia magunia bandarini, akanunua pikapu, kisha ya pili;
leo ananishinda kwa fedha na kwa usingizi.
Matangani kwa mama, watu wameondoka, aliniuliza:
"Dada, ule mtihani. Ulijua?"
Nikamwambia chai inapoa.

Tulilala taasisi, tukaamka chuo kikuu:
kibao kipya getini, choo kile kile.
Kompyuta zikaja, stensili ikauzwa kwa kilo.
Nikapanda. Karani daraja la pili, daraja la kwanza,
msaidizi wa msajili. Barua ya cheo hicho
ilikosea jina langu, Mbodza badala ya Mbodze.
Nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikairudisha.
Mshahara mpya ulisubiri herufi moja miezi mitatu.

Nina miaka arubaini na sita nikajiandikisha shahada, masomo ya jioni.
Na kwa kuwa fisi hapewi bucha,
niliandika barua ya kujishtaki mwenyewe:
Naomba niondolewe chumba namba tisa.
Wakanipeleka stoo ya vitu vilivyopotea.
Miaka minne na miavuli,
vikokotoo, koti la maabara, kiatu kimoja cha kushoto
ambacho hakuna aliyekiulizia.

Siku ya kwanza ukumbini, karatasi ikiwa imelala kifudifudi mbele yangu,
mikono ilinitetemeka kama ya mwizi.
Nikaigeuza. Swali la pili:
"Fanafua."
Fanafua! Nikanyosha mkono.
Msimamizi akaja mbio, kijana niliyemtafutia cheti chake
siku mbili nzima kwenye makabati.
"Mama, kuna tatizo?"
"Naomba kalamu nyekundu."
"Hairuhusiwi, mama."
Basi nikafanafua, kurasa tatu.
Nilipata daraja la pili, ngazi ya chini,
na kanzu ya mahafali ya kukodi, ndefu,
iliyofagia Tudor yote hadi kituo cha basi.

Jana nimestaafu. Mitihani sasa inalindwa kwa nywila,
chumba namba tisa kinahifadhi viti vilivyovunjika miguu.
Hata hivyo fomu ya makabidhiano ilitaka kila kitu:
jina la kifaa, idadi, hali.
Nikaandika: ufunguo, mmoja, kutu.
Kijana wa stoo akautia kwenye droo bila kuutazama.

Chengo alinisubiri getini na pikapu, injini inanguruma.
Nikapanda, nikaweka mkoba mapajani.
Tulipofika mzunguko wa barabara
nikakohoa, mara moja.
Akadhani ni vumbi,
akapandisha kioo.